Pale Tulipokuwa Tunabishana

Majina ya watu wote ninayo. Ya watoto niliosoma nao mpaka darasa la nne kule Ikinga, ya wanawake niliopanga nao ndoo bombani mwaka nilioletwa Tunduma kuolewa, ya waume zao na ya mbwa wao. Niamsheni usingizini, nitayataja. Lakini humu siandiki hata moja, na afadhali nieleze mapema, msije mkasema bibi huyu kasahau.

Kwenye ukoo wa mama yangu jina la marehemu haliitwi ovyo. Linaitwa pale maiti nyingine inapotolewa ndani kupelekwa makaburini. Mwanamke mmoja wa ukoo anasimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, anawaita waliotangulia mmoja mmoja, akianza na aliyekufa karibuni, anarudi nyuma mpaka kwa wale ambao hakuna aliye hai aliyewaona. Kila mmoja anaambiwa, njoo umpokee, huyu ni wako. Bibi yangu aliita, mama yangu akaita, na mimi naita. Mchungaji husubiri uani, Biblia kwapani, anaangalia viatu vyake mpaka nimalize. Hajawahi kunikataza, na hajawahi kunisifu. Ndiyo kazi aliyopewa kichwa changu. Wenzangu walipewa hesabu, mimi nikapewa wafu.

Sasa niseme habari ya ile albamu.

Kitindamimba wangu alizaliwa mwaka ambao baba yake alikuwa bado anavuka kwenda Nakonde na kurudi na mafuta ya kupikia. Alikuwa mtoto wa kusikiliza. Ukimtuma chumvi dukani, utamkuta kasimama nje ya saluni ya watu, sikio ukutani, chumvi hana. Huko ng'ambo, upande wa Zambia, tulikuwa na ndugu wa mume wangu, na katika nyumba yao kulikuwa na kanda za zamani za magitaa, zile walizokuwa wakipiga vijana wa migodini, magitaa yanayolia kama mtu kabanwa na mlango. Akaanza hapo. Baadaye akapata simu, na kwenye simu akapata muziki wa mbali zaidi, wa watu ambao wimbo wao mmoja unaanza polepole, unakimbia, unasimama, unageuka kuwa wimbo mwingine, halafu ukishausahau ule wa kwanza unarudi. Alikuwa ananipa kisikilizio kimoja, kingine anabaki nacho.

"Mama, umesikia hapo walivyogeuza?"

"Nimesikia. Wamepotea njia."

"Hawajapotea. Subiri."

Nilikuwa nasubiri. Maji ya ugali yanachemka, nasonga, naepua, wimbo ni uleule. Siwezi kusema niliupenda. Nilipenda kile kisikilizio kimoja.

Alikuwa na gitaa kuukuu na mwenzake mmoja, mtoto wa watu wa Mbozi, aliyekuwa akipiga kinanda kanisani na kuharibu nyimbo za watu kwa kuongeza vitu. Huyu nitamwita mpiga kinanda. Walikula kwangu zaidi ya walivyokula kwao. Kulikuwa pia na mpiga ngoma na kijana aliyeimba, lakini hao walikuwa wa kuja na kuondoka.

Mwanangu alitunga hadithi moja, na albamu nzima ikawa ya hadithi hiyo, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila kupumzika katikati. Ni ya dereva wa lori aliyefika kwenye foleni ya mpaka wetu. Mnaijua foleni ya hapa. Malori yamejipanga kama ushanga mpaka huko nyuma usikoona, wenye magari wanaoga kwa kidumu, wanapika chini ya matela, wengine wanajuana mpaka wanakuwa marafiki wa kufa. Basi huyu dereva anangoja. Foleni haisogei. Majani yanaota kwenye magurudumu yake. Mke wake anakuja kumletea chakula, mwisho anachoka kuja. Watoto wanakuwa wakubwa wanapita kwenye lori bila kumjua baba yao. Anafia ndani, mikono kwenye usukani, na roho yake bado inangoja foleni. Wimbo wa mwisho geti linafunguliwa. Honi zinalia. Na yeye hakumbuki tena alikuwa anapeleka nini.

Nilimwambia, "Nani atanunua huzuni ya namna hii?"

"Madereva."

"Madereva wanataka kucheza."

"Mama, wamekaa siku ngapi pale? Wameshacheza wamemaliza."

Walirekodi vipande vingine kwenye studio ya mtu, lakini sehemu ya mwisho walikuja kuirekodi kwangu, sebuleni, kwa sababu mwanangu alitaka mvua ya kwenye bati. Wakaweka kile kimashine juu ya kabati la vyombo, tukangoja mvua. Ilikuja mchana, mimi nachambua maharage. Akaja akachuchumaa mbele yangu.

Yale tuliyosema nayajua kama sala. Nayaandika kama yalivyokuwa.

"Mama, yule dereva kafa. Anahitaji mtu wa kumwitia."

"Dereva gani?"

"Wa kwenye nyimbo."

"Ana mama?"

"Hana. Nimemtunga mimi."

"Basi aliyemtunga amwitie."

Mpiga kinanda akacheka, nikamwambia yeye acheke tu, kinanda chake hata wafu hawakitaki. Mwanangu hakuondoka.

"Mama, ni maigizo. Unataja watano, sita, tunamaliza."

"Wale ninaowaita hawajui maigizo. Nikiwaita wanakuja. Wakifika wakakuta hakuna maiti, watarudi na nani?"

Hapo akacheka yeye. Kicheko chake kilikuwa kinaanzia puani, kama mtu anayetaka kupiga chafya akajizuia, halafu kinamshinda.

"Na jina langu ungeliweka wapi?"

"Lako halimo. Wewe ndiye utakayeliita langu."

"Mimi mwanaume, siruhusiwi kuita."

"Siku hiyo utaruhusiwa."

"Haya, mama yangu. Basi tuletee chai."

Nikaenda kuleta chai. Sikujua kimashine kilikuwa kinanasa muda wote. Wao walijua, na mwanangu akasema hicho ndicho alichokuwa anatafuta, wala hataki kingine. Akakiweka mwisho kabisa. Geti linafunguliwa, honi zinalia, gitaa linanyamaza, na ndipo inasikika mvua, na maharage yakidondoka kwenye ungo, na sisi wawili tunabishana. Albamu inaishia kwenye neno chai.

Walitoa CD chache, wakachora lori kwenye kasha na juu ya CD zenyewe. Aliziuza mwenyewe, anatembea kwenye foleni dirisha kwa dirisha. Madereva wengine walinunua kwa kumhurumia. Mmoja alimrudishia siku ya pili, akamwambia, "Kijana, hii imenitia hofu, mimi bado niko hapa." Mwanangu alikuja nyumbani na habari hiyo kafurahi kuliko aliyeuza zote.

Moja akanipa mimi, pamoja na redio ya kuichezea.

Kisha akaugua figo. Sitaki kuandika ugonjwa. Uliingia msimu wa mahindi mabichi, na walipovuna alikuwa hayupo. Siku ya kumtoa ndani wanawake waliniuliza kama watafute mwingine wa kuita, maana mama haombwi kufanya hivyo kwa mtoto wake. Mwingine nani? Hakuna mwingine anayeyajua. Nikasimama mlangoni, nikashika mwimo, nikaita wote, nikaanza na baba yake. Sikuruka mtu. Kwa hiyo mazishi yatakayofuata, yeyote atakayekufa, nitaanza na jina la mwanangu. Wewe ndiye utakayeliita langu, nilimwambia.

Baada ya arobaini nikaanza kuicheza ile CD. Sikuwa nacheza nyimbo. Mpiga kinanda alinifundisha kitufe cha kuruka mbele, nikawa naruka naruka mpaka honi, halafu mvua. Kwenye nyimbo zote hizo anaimba yule mwingine. Mwanangu anapiga gitaa tu. Hakuwa na picha inayosema. Simu yake ilipotea siku za msiba, ndiyo misiba ilivyo. Sauti yake duniani ilikuwa pale tu, kwenye kubishana na mimi, na kicheko kimoja.

Niliicheza nikitoka kukaanga maandazi, nikitoka shambani, nikitoka kanisani. Naitoa, naifuta kwa kanga, nairudisha. Mpaka siku moja ikafika kwenye "Na jina la" ikakwama. Na jina la, na jina la, na jina la. Nikaitoa nikaifuta zaidi. Mpiga kinanda alipoiona akaigeuzageuza kwenye mwanga, akaniambia kwamba CD inasoma kuanzia katikati kwenda nje, mwisho wa muziki uko ukingoni, pale penye vidole. Nilikuwa nimeishika kwa adabu, kwenye ukingo, kama nilivyofundishwa. Ningeishika vibaya, ningekuwa nayo mpaka leo.

Kwa hiyo sikuwa tena na kicheko. Kilikuwa kinaanza kabla ya swali na kinaendelea baada yake, na CD ilikuwa imekula pande zote mbili, ikawa inarukia moja kwa moja kwenye lile swali. Nilibaki na vile vipande vya maneno.

Ndipo mpiga kinanda akaja na habari. Baadhi ya nyimbo alikuwa ameziweka mtandaoni, hakuna aliyezijali kwa miaka, halafu mtu mmoja huko Ulaya, anayekusanya muziki wa namna hiyo, akazisikia akamwandikia. Anataka albamu nzima aitoe upya. Ana fundi wake wa sauti, atasafisha kila kitu, makelele yote ya umeme yatoke.

"Itakuwa kama wamerekodi jana, mama. Utasikia mpaka vidole vyake."

"Na mwisho?"

"Yote, mama. Yote itasafishwa."

Mimi nikasikia nilichotaka kusikia. Niliuliza tu kama mvua itabaki, maana nilijua mafundi hawapendi mvua. Akasema mvua ni sehemu ya kazi. Basi nikaanza kungoja. Msimu mzima wa kupalilia nilingoja, nikawaambia wenzangu wa jumuiya kwamba mwanangu anarudishwa akiwa amesafishwa, wakaniangalia. Mmoja akaniletea uji kesho yake, nadhani kwa ajili ya kichwa changu.

Ilikuja jioni moja kabla ya jua kuzama. Mpiga kinanda alikuwa ameifuata Vwawa, kaibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Ilikuwa santuri, ile nyeusi, kubwa kama sinia. Kaka yangu alirudi na santuri kama hizo kutoka kwenye migodi ya shaba, zamani sana, na mashine ya kuzungusha kwa mkono. Leo mkoa mzima wa Songwe sijui nani ana mashine ya kuichezea. Kwenye kasha wamechora lori lenye majani magurudumuni, zuri kuliko lile la kwanza. Nyuma kuna maandishi na jina la mwanangu. Nililitambua kabla sijavaa miwani, na nikageuza kasha upesi, kwa sababu mnayoijua.

"Tutaisikia wapi?"

"Wametuma na kwenye simu, mama. Nimekuja na spika."

Tukakaa. Nilisema tusiruke, tuanze mwanzo, siku hiyo nilitaka kumpa heshima yake. Na ni kweli walisafisha. Nilisikia ngoma ambazo sikuwahi kujua zipo. Nilisikia vidole vyake vikiteleza kwenye nyuzi, kile kisauti kidogo kama panya kwenye makuti, na nikajua kidole kipi, maana kimoja kilikuwa na kovu la panga. Nilitingisha kichwa. Mpiga kinanda alikuwa ananitazama mimi, haitazami spika. Dereva akangoja, mke akachoka, watoto wakapita. Akafa. Geti likafunguka, honi zikalia, honi nzuri, safi. Gitaa likanyamaza.

Nikasogeza kiti.

"Imekwisha, mama," akasema.

"Bado."

"Imekwisha."

"Bado mvua."

Tulikaa tunaisikiliza ile spika isiyosema kitu. Nje malori yalikuwa yananguruma, na nilikasirika kwamba yatafunika mwanzo wa mvua. Nikamwambia ainue sauti. Akainua. Akaweka simu mezani, akajifuta uso kwa viganja viwili.

"Ile sehemu tuliiondoa, mama."

"Mliiondoa nani?"

Ndipo akanieleza, na nitaandika bila kumwonea, kwa sababu alifuata taratibu zote. Mtu huyu wa Ulaya alipoomba albamu, mpiga kinanda alijua kazi ya marehemu haitoki bila idhini ya ukoo. Baba wa marehemu hayupo. Akachukua sukari na soda akaenda kwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye mkubwa wa upande ule. Akamsikilizisha yote. Shemeji alipofika pale tulipokuwa tunabishana akaomba irudiwe. Watarudi na nani, nimesema mle ndani. Lako halimo, nimesema. Na kijana kafa. Shemeji akasema maneno haya hayatoki nje ya nyumba. Watu watasikia mama anamwambia mtoto wake habari za wafu kuja na kurudi na mtu, na mtoto mwenyewe kaburini, watasema nini? Mnawajua watu wa hapa. Bibi kizee, mjane, anayejua majina ya wafu wote. Akaamuru itolewe.

"Na mimi hukuniuliza."

"Ningekuulizaje, mama?" Alikuwa karibu kulia. "Mama aliyefiwa unamwendea na sauti ya mtoto wake mkononi, unamwuliza tukate wapi? Kwetu hatufanyi hivyo. Nilisema usisumbuliwe."

Na ni kweli, kwetu hatufanyi hivyo. Ningekuwa mimi, na mama ni mwingine, nisingemwuliza.

"Huyo wa Ulaya anayo?"

"Nilikata kabla sijatuma. Nikahifadhi palepale, juu ya ile ya mwanzo. Sikutaka ibaki mahali mtu akaikuta."

Alifanya kazi yake vizuri.

Nilikwenda kwa shemeji. Alinitolea kiti chenye mto, akamwambia mkewe achemshe maziwa. Yeye ni mtu mwema, ndiye aliyenilimia shamba miaka miwili baada ya kaka yake kufa.

"Shemeji," akaniambia, "nilikuwa nakukinga."

"Na nani?"

"Tangu msibani wanasema. Kwamba mama alisimama mlangoni akaita hakutoa hata chozi. Wewe hujui. Sisi ndio tunaojibu."

"Nilikuwa nahesabu majina. Ningelia ningeruka mtu."

"Mimi najua. Wao hawajui."

"Yale maneno yalikuwa yangu na yake."

"Yalikuwa na jina la ukoo ndani yake," akasema. "Lakini kama ningejua ndiyo pekee uliyokuwa nayo." Hakumaliza. Maziwa yakaja, tukanywa. Nilimshukuru. Nilifanya nini kingine?

Basi ikabaki kutafuta zile za zamani. Mpiga kinanda alitaka kutafuta yeye, nikamwambia tutakwenda wote. Tulianzia kwenye foleni, kwa sababu ndiko zilikouzwa. Nimekaa Tunduma maisha yangu yote ya ukubwa, sijawahi kutembea na foleni mpaka siku hiyo. Dereva mmoja baada ya mwingine anashusha kioo.

"Bibi, CD siku hizi hatuna, ni flashi."

"Ni nyimbo za dereva aliyekaa foleni mpaka akafa."

"Huyo ni mimi, bibi. Andika jina langu."

Wakicheka, nacheka. Mzambia mmoja aliyekuwa amenyoosha miguu nje ya mlango aliniita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, akanipa machungwa mawili, akasema aliwahi kusikia kitu kama hicho kwa mwenzake, lakini mwenzake alihamia njia ya Kongo na gari lile liliuzwa. Tulitembea mpaka miguu yangu ikakataa. Malori yalisogea kidogo, yakasimama.

Mpiga kinanda akakumbuka mama mmoja wa Nanyala aliyekuwa na kibanda cha chakula kando ya barabara kuu, alikuwa anampenda mwanangu kwa sababu anasifia nyama yake. Alinunua moja. Tulimkuta yupo, kazeeka kidogo, kaacha kibanda, analima. Tulipomwambia, akashika mdomo.

"Ninayo," akasema. "Mungu wangu, ninayo. Ila iko shambani."

Shambani kufanya nini, nikamwuliza. Kumbe ndege. Ulezi ukianza kukomaa ndege wanaumaliza, na watu wamegundua kwamba CD ikifungwa kwa uzi ikapepea, inamulika machoni mwao. Ameifunga juu ya mti wa katikati, nyingine za kwaya na za mahubiri ziko pembeni. Akatupeleka. Ilikuwa inazunguka kwa upepo, inameta vizuri, na shamba lake halikuguswa.

"Ulikuwa wimbo mrefu sana, mama," akaniambia, anafungua uzi, aibu imemjaa. "Hauchezeki. Nisamehe."

"Usijali. Hata mimi nilikuwa napika."

Jua lilikuwa limeumeza wino wote wa lori. Ile fedha ya juu ilibanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, ukiinyanyua unaona shamba kwa upande wa pili. Mpiga kinanda aliijaribu hata hivyo, kwenye redio yangu. Ilizunguka muda, ikaandika kitu kwenye kile kioo kidogo, ikasimama. Nikamwambia amrudishie yule mama, ulezi bado haujavunwa.

Akaniambia neno la mwisho, na najua lilikuwa la upendo. Kwamba mtu wa Ulaya yuko tayari kutoa nyingine, na kwamba ile sehemu tunaweza kuirudia. Mvua ipo. Maharage yapo. Mimi niseme yangu, na yeye aseme ya mwanangu, anayajua yote, alikuwepo. Akajaribu palepale, akasema, "Mama, yule dereva kafa." Alisema vizuri. Sauti yake ni nzuri kuliko ya mwanangu. Nilimwomba aache, nikamtengea chakula, akala, akaondoka kabla giza halijaingia.

Hajaacha kuja. Huniambia albamu inasifiwa huko, watu wameandika kwamba mwisho wake ni wa ajabu, lile geti kufunguka na kimya kinachofuata. Wanasema mtunzi alijua kunyamaza.

Santuri nimeiweka juu ya kabati la vyombo, pale kilipokuwa kile kimashine, nimeifunika kitambaa. Majina ninayo yote. Lakini nimegundua kitu ambacho hakuna aliyenifundisha, bibi yangu wala mama yangu: kwamba kichwa kinachoshika majina hakishiki sauti. Nakijua kile kicheko kinaanzia wapi, puani, nimekwisha kuandika hivyo hapo juu. Naweza kuandika. Kukisikia siwezi. Nikijaribu nasikia spika.

Siku za mvua naichukua CD yangu ya zamani, naishika ninavyotaka sasa, haina tena cha kuharibu. Naruka mpaka honi. Inafika pale. Na jina la, na jina la, na jina la. Naiacha iendelee, nachambua maharage. Zamani nilikuwa naizima haraka ili isichakae.

Juzi nilimjibu. Nyumbani hakukuwa na mtu, wala maiti, na najua ninachokijua. Nilisema, "Limo, baba. Sasa limo. Wewe ndiye wa kwanza." Halafu nikaliita lenyewe, kwa sauti, kama ninavyoita mlangoni.

Mashine ikauliza tena.